Mstari wa Jua na Mwezi

Jumapili, tarehe 3 Februari

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi kuliko nyuzi za godoro. Anayeandika ni Mama Duka, jirani yetu, kama kawaida, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa sufi kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Maneno yangu yamenyooka tangu kuzaliwa. Masikio ya watu ndiyo yaliyopinda.

Mimi mzima, na kazi inakwenda. Juzi nimemaliza godoro la mwalimu mkuu. Alipokuja kulijaribu hapa karakana, kalala. Wanafunzi wakaja kumtafuta, nao wakalala. Ikabidi nirudishe mlango polepole niende zangu sokoni. (Mimi Mama Duka: alilala mwalimu peke yake, na alikuwa na homa.) Unaona watu ninaoishi nao?

Sasa la mama yako. Majina yetu yalishamtoka, hilo unalijua. Lakini mistari haijamtoka. Ndiyo iliyobaki, na mmoja ndio unaotusumbua.

Mama Duka ameweka kalamu chini, anauliza mistari gani. Basi wewe pitia tu, namweleza yeye.

Nyumba hii aliyejua kusoma alikuwa mmoja, mama yenu. Alifungua Biblia, akachukua zaburi ile fupi ya kutazama milima, yenye mistari minane, akatugawia kama mtu anavyogawa nyama. Wa kwanza wake. Wa pili wangu. Mitano ya katikati ya watoto watano, kwa jinsi mlivyofuatana. Wa mwisho, ule wa kutoka na kuingia, wa wote kwa pamoja. Tuliijifunza hapahapa karakana: yeye anasoma, mimi napiga pamba kwa fimbo, nyinyi mnashona. Hakuna kuuacha mstari mpaka upande wa godoro uishe. Na zaburi yenyewe, Mama Duka, inamsifu asiyelala! Mimi nalisha watoto kwa usingizi wa watu, halafu kutwa nyumbani kwangu anasifiwa asiyesinzia. Nikamwambia mke wangu, huyu basi hatakuja kuwa mteja wetu. Akacheka mpaka akapoteza mahali alipokuwa anasoma.

Na mstari wa mtu ni kama kitanda chake. Husemi wa mwenzako. Ukisafiri, unamwachia mmoja wa nyumbani: unamsemea sikioni, ndipo unatoka. Ukifa, anapewa mtoto anayefuata kuzaliwa. Wewe uliniachia wako, uko hapa sikio la kushoto. Wakubwa zako watatu walimwachia mama yenu. Aliyetoka na wake ni mmoja tu, kaka yako wa mstari wa jua na mwezi, kwa hasira zake. Tangu hapo tukifika mahali pake tunanyamaza kidogo, kiasi cha mstari, halafu tunaendelea. Wajukuu wamezaliwa wakaukuta ule ukimya, wanadhani umeandikwa kwenye Biblia.

Ndiyo habari. Siku hizi jua la mchana likiingia dirishani, mama yako anaanza. Wake, wangu, ya wale watatu. Akifika kwa kaka yako anainua mkono hivi, kama mtu aliyesikia hodi. Anatazama mlango. Zamani alikuwa anaushusha. Sasa haushushi. Nikitaka kuendelea na wako, ananinyamazisha. Manyoya ya sufi yanaelea kwenye mwanga, nayo kama yanangoja, hayatui. Namwekea chakula, kinapoa. Anangoja mpaka usingizi umchukue palepale kwenye kiti, mkono bado uko juu ya goti kama ndege aliyechoka. Kesho yake hivyohivyo.

Anapungua, mwanangu. Nguo zake zimekuwa za mtu mwingine.

Baba yako,
Fundi Magodoro, bingwa asiye na mpinzani

*

Jumapili, tarehe 17 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mama Duka, shikamoo na wewe, na ahsante kwa mkono wako.

Barua ilinikuta kazini, chumba cha kufulia. Unajua mashuka ya hospitali yakitoka kwenye mashine yanatoa mvuke, chumba kizima kinakuwa kama ndani ya wingu. Niliisomea humo, herufi zinakuja na kupotea. Mwenzangu tunayekunja naye mashuka aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mtu anangoja tu.

Baba, hebu useme wewe. Huo mstari umeusikia maisha yako yote. Yupo nani wa kukulaumu? Useme, mama apite, ale chakula chake. Hii sheria tuliitunga wenyewe, haikushuka kutoka mlimani.

Kuna lingine nimelificha, na sasa naona kulificha ni vibaya. Kaka najua alipo. Tulikutana mwaka jana stendi, akanishika mkono akaniambia nisiseme. Ni mlinzi wa usiku kwenye kiwanda. Kiwanda chenyewe, baba, kaa kwanza. Ni cha magodoro ya sponji. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usivunje kitu.

Mwanao,
Kitinda

*

Jumapili, tarehe 24 Februari

Kitinda,

Nilikaa. Kiti ndicho kilichovunjika.

Mlinzi! Mtoto wa fundi magodoro, damu yangu, anakesha kwa mshahara! Na anachokilinda ni nini? Sponji! Kitu ukikilalia kinakurudisha juu kama hakikupendi. Mwizi gani ataiba sponji? Mimi hapa waliwahi kuniibia godoro moja la sufi, nikamkuta mwizi pale kona ya pili. Alilitua apumzike kidogo, usingizi ukamwahi. Nilimfunika shuka nikamwacha. (Mimi Mama Duka: hii nilikuwepo. Ni kweli, isipokuwa shuka.)

Na usiseme nilimfukuza. Yeye alisema sufi imekwisha, dunia inakwenda kwenye sponji. Nikamwambia basi akailalie. Huko si kumfukuza mtu, ni kumwelekeza.

Sasa ulilolisema. Nimelifanya, Alhamisi. Jua liliingia, mama yako akaanza, tukaenda mpaka pale. Akainua mkono. Nikajikohoza, nikausema mimi, taratibu, nikiigiza na sauti ya kaka yako kidogo. Unajua mimi kwa kuigiza hakuna wa kunishika.

Mama yako akageuka. Hajanitazama vile tangu tuoane. Alinitazama kama mtu amekuta mgeni amelala kitandani kwa mwanawe, na viatu.

Akasema, “Huo si wako.”

Basi. Akarudi kutazama mlango.

Mwanangu, jina langu halijui. Jana aliniita fundi, akauliza godoro lake litakuwa tayari lini. Lakini mstari wa nani ni wa nani, anajua. Nilichukua fimbo nikapiga pamba mpaka karakana ikawa nyeupe, simwoni na yeye hanioni, nasikia tu anavyopumua.

Nimemwambia Mama Duka ageuze karatasi yako, tuisome hiyo anwani.

Baba yako,
Fundi Magodoro

*

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Bwana Mlinzi,

Nimesikia umepata cheo. Unalinda sponji isitoroke. Hongera.

Sisi huku wazima kabisa. Kazi ni nyingi mpaka nakataa wateja. Karakana nimeipanua, ukiingia unaweza kupotea. (Mimi Mama Duka: ni ileile.) Mama yako hajambo sana, anakula vizuri, ananenepa. Wenzako wote wapo walipo na heshima zao, na mistari yao wameiacha nyumbani kama watu wenye adabu.

Sikuombi kitu. Nimeona tu nikusalimie, maana mlinzi anahitaji kitu cha kusoma asisinzie. Kama una neno lolote la kumwambia mama yako, unajua mlango ulipo. Haujahama.

Baba yako

Mimi Mama Duka, mwandishi. Mzee amekwenda kunawa mikono. Hiyo hajambo ya hapo juu ni yake, si yangu. Mama yako anapotea kidogokidogo, na kila mchana anaungoja mstari wako mpaka analala na njaa. Njoo.

*

Jumatano, tarehe 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepata barua, ya juu na ya chini. Mama Duka, ahsante.

Nimekaa nayo siku nyingi sijui nijibu nini. Nakuja kama nani? Baba, mimi nilishazikwa huko. Mwaka juzi alikuja kiwandani mtu wa mtaa wetu, yule mchoma matofali, anatafuta godoro. Hakunitambua kwa sababu ya kofia. Nikamuuliza habari za kwetu kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akasema wazima, hata mjukuu mdogo kapewa mstari wake, nyumba nzima walikuwa wanapiga makofi.

Mistari ni minane. Yote ina wenyewe. Mtoto anayezaliwa anapewa wa nani, kama si wa aliyekufa? Nilihesabu wote, wote wazima. Nikajihesabu mimi. Nikamfungulia mchoma matofali geti, nikamwambia safari njema.

Sikulia, baba. Ila tangu siku ile nikitembea kati ya maghala naona kama miguu haigusi chini. Magodoro yamepangwa mpaka juu ya paa, meupe, maelfu, hakuna aliyeyalalia hata mmoja. Ndimo ninamozunguka. Nilijaribu kuusahau ule mstari, nikaona si wangu tena, ni wa mtoto. Ukaniganda. Mwezi unatoka tu juu ya ukuta, na mstari nao unanitoka mdomoni.

Mwambieni huyo mtoto auseme kwa sauti. Mama apite.

Mimi,
mwanao

*

Jumatano, tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Mama Duka alinisomea yako nikiwa nimeshika shazia, sindano ile ndefu. Nikacheka. Nilicheka mpaka Mama Duka akacheka. Halafu nikaona hakuna kinachochekesha, nikajichoma kidole.

Sikiliza, wewe kichwa cha sponji. Huyo mtoto ni wa dada yako mkubwa. Alipozaliwa, mama yako alisema zaburi yetu imejaa, wapangaji wote wamo. Akafunua ukurasa. Akampa mtoto mstari wa kwanza wa zaburi inayofuata, ile ya watu wanaofurahi kwenda nyumbani kwa Bwana. Mtoto yuko peke yake ndani ya zaburi nzima, kama tajiri. Anajitapa kuliko mimi, na ndiyo tulimpigia makofi. Wako hajaugusa mtu. Uko palepale ulipouacha, na ukimya wake umekaa juu kama shuka.

Ulijizika mwenyewe, ukajililia mwenyewe, na sisi hukutualika hata kwenye matanga.

Sasa nakwambia kwa mdomo wangu, na Mama Duka asiandike chochote chini, maana nimeshajua mchezo wake. Mama yako si mzima. Ile barua ya kwanza nilisema ananenepa. Anayenenepa ni paka wa Mama Duka. Mama yako hatujui majina, mimi wala mwingine. Anaota akiwa macho. Anaongea na watu walioondoka zamani, anawakaribisha viti, na mimi nawasogezea kabisa, sitaki aonekane hana adabu. Lakini kila mchana anafika kwenye mstari wako anasimama. Mimi mwenyewe nilijaribu kuusema, kwa sauti nzuri kuliko yako. Aliniambia huo si wangu.

Nimetengeneza magodoro ya watu wa kila aina. Hakuna niliyeshindwa kumlaza, mwanangu. Nimeshindwa huyu mmoja.

Sikuamuru kuja. Nilishakuamuru mambo, tukaona.

Baba yako

*

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kwanza niliuandika mstari wenyewe kwenye karatasi, ili ufike haraka kuliko mimi. Halafu nikakumbuka atakayeusoma ni Mama Duka. Mama atamwambia huo si wako. Nikaichana nikaanza upya.

Nimeomba ruhusa. Mkubwa wa zamu aliuliza msiba ni wa nani, nikasema si msiba, kuna mahali ninangojwa. Alinitazama, akaandika msiba.

Nitauleta mwenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo. Msimwambie, asije akangoja zaidi.

Mwanao

*

Jumapili, tarehe 21 Aprili

Kitinda mimba wangu,

Kaa uzuri hapo kwenye mvuke wako.

Kaka yako alikuja, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na godoro la sponji kichwani! Mtaa mzima umemwona, analipitisha mlangoni kwangu mchana kweupe, na mimi nimesimama na fimbo ya pamba mkononi. Wateja wawili walikuwepo. Nikawaambia ni mgonjwa wameniletea nimtibu.

Alinipa shikamoo akiwa nalo kichwani. Nikaitikia marahaba nikilitazama godoro. Ana mvi, unaziona hapa kando. Mtoto wangu ana mvi, na mimi sijazeeka bado.

Mama yako alikuwa kwenye kiti chake. Alimwangalia vizuri tu, kama anavyoangalia wateja, akamwambia godoro lake bado, arudi kesho. Kaka yako akaliegemeza godoro ukutani. Akasema hana haraka, atangoja. Akakaa pale chini kwenye lundo la sufi, kama alivyokuwa anakaa mdogo.

Na jua likaja. Unajua linavyoingia, halina kelele, linapanda kwanza mguu wa meza, halafu goti la mama yako. Alipolisikia gotini akaanza. Milima yake. Mimi wangu. Akasema ya wakubwa zenu watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja kwa sauti ya mwenyewe, sijui anazitoa wapi. Akafika. Akainua mkono. Akatazama mlango.

Hakuna aliyekuwa mlangoni. Aliyekuwa anangojwa alikuwa amekaa miguuni pake, sufi imemjaa kichwani, na sauti imemkataa. Anafungua mdomo, anafunga. Manyoya yanaelea. Nilitaka kumpiga fimbo ya mgongo.

Ikatoka. Lakini kwa miaka yake ya getini, akauanza na mwezi. Mwezi kwanza, halafu ndiyo akaliweka jua.

Mama yako hakugeuka. Akasema, “Jua kwanza.”

Basi tu, kama alivyokuwa anasahihisha mlipokuwa watoto, mkono umeshika uzi. Kaka yako akaanza tena. Jua, na mchana wake. Mwezi, na usiku wake. Akaufikisha mwisho bila kujikwaa, na mama yako akashusha mkono. Ule mkono, Kitinda, ulishuka kama manyoya yanavyotua, hukusikia ulipofika.

Halafu akanitazama mimi. Mimi nimeshasahau niko wapi. Kumbe zamu ya wako, nilionao sikioni. Nikausema, sauti ikakwaruza kidogo kwa ajili ya vumbi. (Mimi Mama Duka: nilikuwa mlangoni. Vumbi halikuwepo.) Na ule wa mwisho wa kutoka na kuingia tukausema wote watatu, na Mama Duka naye akajitia, ingawa hahusiki.

Kama alimtambua? Sijui. Mama Duka anasema ndiyo. Mimi nasema nilichokiona. Aliinama akaanza kumtoa manyoya ya sufi kichwani, moja moja, anayaweka kwenye mapaja yake. Akamuuliza kama amekula. Nikaleta sahani. Akala, mwanangu. Anatoa tonge lake, anampa kaka yako lake, mpaka sahani ikawa safi. Kisha akalala, kitandani, si kwenye kiti, na usiniulize juu ya godoro gani. Mimi nililijaribu baadaye, kwa uchunguzi wa kifundi tu, na nikaamka jioni. Si kitu.

Kaka yako alikaa mpaka Jumanne. Wakati wa kuondoka nikainama nimpe sikio la kulia, maana la kushoto lina wako. Nikamwambia aache mstari, mama yake asihangaike tena.

Hakuinama. Akasema, “Hapana, baba. Nikiuacha nitakaa huko tena. Natoka nao, nitaurudisha Jumamosi.”

Nilitaka kumgombeza. Nikamshikia mlango, na hilo Mama Duka naona analiandika kwa herufi kubwa.

Jumatano nilikuwa na wasiwasi. Jua likaingia, mama yako akaanza, akafika pale, akainua mkono. Nikajua ndiyo tumerudi kulekule. Akatazama mlango kidogo. Akasema, kwa upole, kama anamjibu mtu, “Yuko njiani.” Akashusha mkono, akanitazama nitoe wako. Alhamisi hivyo. Ijumaa hivyo. Jana kaka yako alikuja, akausema mwenyewe, jua kwanza.

Sasa kuna jambo moja nimeligundua leo. Zamani alikuwa anakwama kabla hajafika kwako. Siku hizi anafika. Nikisema mstari wako, hanikatazi, maana uliniachia kwa haki. Lakini leo nilipomaliza alikaa ananitazama mdomo, muda, kichwa kimeinama upande mmoja. Halafu akatazama mlango. Bado anautazama.

Njoo uuchukue, mwanangu. Sikio hili limechoka kukaa na sauti yako bila wewe.

Baba yako,
Fundi Magodoro